Dakika za Nani?

Hasheem Thabeet alipotajwa kuwa chaguo la 2 kwenye drafti ya NBA, usiku ambao timu za kikapu za Marekani huchagua vijana kwa zamu, niliruka juu ya kitanda. Sisemi kwa mafumbo, niliruka kweli, na chaga ikalia mpaka nyumba nzima ikaamka, maana kwetu ilikuwa usiku wa manane. Kwao New York ilikuwa jioni ya Juni 25, 2009. David Stern, mkuu wa NBA wa wakati ule, alikuwa amesoma jina la kijana wa Dar es Salaam kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry, kabla ya wote isipokuwa Blake Griffin. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua, na mimi wakati huo Memphis nilikuwa naijua kwa rangi ya jezi tu.

Daftari langu la drafti nilikuwa nimelianza mwaka uleule. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake: urefu, umri, takwimu za chuo, anachojua, asichojua, na chini kabisa mstari mmoja wenye swali "Anafaa timu gani?" Kwa Thabeet nilijaza neno moja: "Yoyote." Ana sentimita 221. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayorudi kutoka kwenye ringi) 10.8 na bloku (mitupo aliyoizuia) 4.2 kwa mechi. Timu gani ingemkataa mtu wa namna hiyo?

Kulipokucha nikampigia mzee mmoja aliyetufundisha kikapu tukiwa vijana. Sote tunamwita Kocha, hata watu ambao hajawahi kuwafundisha chochote.

"Shikamoo Kocha. Umeona mambo?"

"Marahaba. Nimeona. Hao Memphis senta wao nani?"

"Marc Gasol."

"Mzee?"

"Hapana, ana miaka 24."

"Mgonjwa?"

"Mzima."

"Sasa kijana wetu atacheza dakika za nani?"

Nilimjibu kwa hasira kidogo kwamba mchezaji mzuri hujitafutia dakika mwenyewe. Akacheka, akaniuliza habari za nyumbani, tukaagana. Lile swali sikulipa uzito, na kwa muda wa mwaka mzima niliamini kwamba mzee ana wivu wa kawaida wa watu waliostaafu.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili. Mechi ya NBA ina dakika 48, na uwanjani kila timu ina watu watano, kwa hiyo kocha anagawa dakika 240 kila usiku, hazizidi hata moja mpaka mechi iende muda wa nyongeza. Nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya goli, ina 48 zake. Msimu wa 2009–10 Gasol alicheza karibu dakika 36 kwa mechi. Zinabaki 12 hivi. Thabeet alimaliza msimu ule akiwa na wastani wa dakika 13, pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Takwimu ambazo watu walizitumia kumcheka, kwa sehemu kubwa zilikuwa zimeshaandikwa kabla hajavaa jezi. Unaweza kusema angecheza pamoja na Gasol, mmoja senta na mwingine mbele. Ila Julai ileile Memphis wakamchukua Zach Randolph, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa palepale chini ya goli, kwenye eneo lilelile ambalo Thabeet alihitaji ili awe na faida. Februari 2010 wakampeleka ligi ya maendeleo, ile ndogo iliyo chini ya NBA. Hadi siku ile hakuna chaguo la juu kama lake lililokuwa limewahi kushushwa huko.

Lakini nisimalizie kila kitu kwa Gasol. Hilo ndilo kosa langu la pili: nilipokubali kwamba Kocha alikuwa sahihi, nilianza kuamini kwamba timu ndiyo ilimwangusha, basi. Ikabidi nirudi kwenye video.

Ipo mechi moja ya Februari 16, 2009, Connecticut dhidi ya Pittsburgh. Connecticut walikuwa nambari 1 nchini Marekani wiki ile. Pittsburgh walikuwa na jamaa mfupi mpana anaitwa DeJuan Blair, mfupi kwa maana ya senta, Thabeet akimpita kichwa kizima. Mapema kwenye mechi mikono yao inanasana wakigombea mpira, Blair anainama kidogo, na Thabeet anapita juu ya bega lake kama gunia linaloshushwa kwenye lori, anadondoka chali. Kipande hicho kila mtu alikiona, kikageuzwa kichekesho. Mimi nilikiangalia mara nyingi nikitazama miguu tu. Miguu ya Blair imeachana, magoti yamekunjwa, makalio yameshuka. Ya Thabeet imenyooka na visigino vinakaribiana. Na si kwenye tukio lile pekee: karibu kila mpira unaporuka kutoka kwenye ringi, miguu yake inasimama hivyohivyo, na Blair anamsogeza taratibu kwa mgongo, hatua moja, hatua mbili, mpaka urefu wote ule uko nyuma ya mpira. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23.

Video ile ilikuwepo tangu Februari. Niliiruka kwa sababu ilikuwa mechi mbaya ya mtu niliyempenda. Tangu hapo nina desturi moja: kwa kila kijana ninayemfuatilia, natafuta kwanza mechi aliyoteswa. Mechi nzuri zinafanana zote, mpira unaingia na watu wanapiga makofi. Mechi mbaya ndiyo inayokuonyesha mtu anashika nini kila kitu kingine kinapomtoka, kama anarudi kukaba, kama bado anaongea na wenzake, kama anaendelea kurusha au anaanza kuuogopa mpira.

Blair mwenyewe, kwa taarifa yako, aliangukia chaguo la 37, kwa sababu madaktari walikuta magoti yake hayana kano ya mbele ya msalaba, yote mawili. San Antonio wakamchukua, akacheza mechi zote 82 msimu wake wa kwanza. Pale San Antonio alikuwepo Tim Duncan, mtu mrefu anayejua kila pembe ya uwanja, kwa hiyo hakuna aliyemwomba Blair awe mrefu. Waliomba ribaundi tu.

Na Memphis? Februari 2011 walimtoa Thabeet kwenda Houston, katika mpango uliomrudisha Shane Battier kwao. Miezi miwili baadaye kwenye mtoano Memphis, nambari 8 ya kanda ya Magharibi, wakakutana na San Antonio, nambari 1. Mechi ya kwanza, zimebaki sekunde chache, Battier anarusha pointi tatu inayoipa Memphis uongozi na ushindi. Wakamaliza mfululizo 4–2. Kwa hiyo unaweza hata kusema, ukiwa na roho ngumu, kwamba Thabeet aliisaidia Memphis sana. Kocha alilisema hilo siku ile, na sikucheka.

Basi nikawa muumini wa "kufaa". Nikabadilisha daftari. Kabla ya kuandika jina la mchezaji, naandika orodha ya timu, mikataba inayoisha lini, nani anacheza wapi. Natafuta pengo, halafu namtafuta kijana wa kuliziba. Kwa miaka kadhaa nilijiona fundi. Philadelphia walipochukua masenta watatu katika miaka mitatu, Nerlens Noel 2013, Joel Embiid 2014 na Jahlil Okafor 2015, nilikuwa na ukurasa mzima wa kejeli tayari. Okafor akaja akafunga pointi 17.5 kwa mechi kwenye timu iliyoshinda mechi 10 tu msimu mzima, nami nikatembea nimevimba kichwa kama niliyewaambia.

Kisha ukaja mwaka 2018, ukanipasua.

Sacramento walikuwa na chaguo la 2. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamemchukua De'Aaron Fox, mchezesha timu mwenye mbio za ajabu, ambaye mpira lazima uwe mkononi mwake. Mezani kulikuwa na Luka Dončić, miaka 19, ametoka kuwa mchezaji bora wa EuroLeague, ligi ya vilabu vikubwa vya Ulaya, akiwa na Real Madrid, naye mpira lazima uwe mkononi mwake. Na kulikuwa na Marvin Bagley, mrefu, mwepesi, anakimbia na kuruka. Kwa kanuni zangu jibu lilikuwa wazi. Niliandika hivi, neno kwa neno, na daftari ninalo: "Bagley. Mpira ni mmoja, Fox tayari anao." Sacramento wakafanya vilevile nilivyoandika. Nikampigia Kocha usiku uleule, jambo ambalo kwa heshima sikuwahi kulifanya kabla.

Dončić alichukuliwa wa 3 na Atlanta, wakambadilisha na Dallas usiku huohuo, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora chipukizi. Bagley hakuwa mbovu, msimu wa kwanza alifunga karibu pointi 15 kwa mechi. Lakini tofauti kati ya hao wawili haikuwa tofauti ya nafasi uwanjani. Ilikuwa kama mtu aliyekwenda kununua nyumba akachagua kwa kuangalia kama kabati lake la zamani litaenea sebuleni.

Ningekuwa nimesoma historia nisingeangukia hapo. Mwaka 1984 Portland walikuwa na Clyde Drexler, waliomchukua mwaka mmoja kabla, kwenye nafasi ileile ya Michael Jordan. Wakasema tuna mtu hapo, tunahitaji senta, wakamchukua Sam Bowie, Jordan wakamwacha. Kisa hiki anakijua kila mpenzi wa kikapu, nami nilikijua, nilikuwa nakisimulia mpaka watu wanachoka. Nilidhani kinahusu Portland.

Kilichonisumbua zaidi kwenye ukurasa ule wa Bagley ni kwamba sehemu zote nilizozipima zilihama. Kocha wa Sacramento wa usiku ule alifukuzwa msimu mmoja tu baadaye. Orodha ya wachezaji ilibadilika karibu yote ndani ya miaka mitatu. Februari 2022 Bagley mwenyewe akapelekwa Detroit. Mkataba wa chaguo la raundi ya kwanza unaweza kufika miaka minne, miwili ya uhakika na miwili kwa hiari ya timu, na katika miaka hiyo minne pengo ulilomnunulia kijana linakuwa limeshazibwa na mtu mwingine, au limehamia upande wa pili wa uwanja.

Wiki ileile ya Februari 2022 Sacramento walifanya jambo jingine. Mwaka 2020 walikuwa na chaguo la 12, Tyrese Haliburton akawaangukia, mchezesha timu mwingine wakati Fox bado yupo. Safari hii walimchukua. Kwenye daftari, mimi mgumu wa kujifunza, nikaweka alama ya kuuliza. Walicheza pamoja msimu mmoja na nusu, bila kufika popote, kisha Haliburton akapelekwa Indiana na Domantas Sabonis akaja Sacramento. Mwaka 2023 Sacramento wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006. Mwaka 2025 Haliburton akaifikisha Indiana fainali. Hakufaa pale alipochaguliwa, lakini thamani yake haikupotea, na timu iliyomchagua "vibaya" ikapata mtu iliyemhitaji. Bagley kufaa kwake kulipoisha, kilibaki kidogo cha kubadilishana.

Kwa hiyo nikarudi kwa Kocha na lalamiko. Nikamwambia swali lako limenipotosha. Unaniuliza dakika za nani, nikitazama dakika nachagua Bagley.

"Mimi nilikuuliza dakika," akasema, "sikukuuliza nafasi."

Nikamwomba anifafanulie. Akasema, na hapa namfupishia, kwamba mchezaji anayehitaji mpira anaweza kupewa dakika za mtu yeyote ikiwa ana kazi ya kufanya mpira ukiwa kwa mwingine. Asiye na kazi hiyo anahitaji kiti kimoja tu, na kiti hicho kikiwa na mtu, amekwisha. Thabeet alikuwa na kiti kimoja dunia nzima: mita mbili kutoka kwenye ringi, upande wa kukaba. Hakurusha kwa mbali, hakuchezesha, skrini zake, yaani kusimama njiani kumzuia mkabaji wa mwenzako, zilikuwa nyepesi. Curry, aliyechukuliwa wa 7 usiku uleule, alifika Golden State akamkuta Monta Ellis, na Ellis alitamka hadharani kabla msimu haujaanza kwamba wawili hao hawawezi kucheza pamoja. Kwa karatasi alikuwa na haki, wote wadogo, wote wafungaji. Lakini Curry hata asipogusa mpira anamvuta mkabaji wake mpaka karibu na mstari wa katikati, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwacha. Kuwepo kwake tu kunampanulia mwenzake njia. Machi 2012 aliyeondoka ni Ellis.

Sasa ndivyo ninavyotazama video. Nafunika mpira kwa kidole. Nasema kweli, nikitazama kwenye simu naweka kidole gumba juu ya mpira, uendapo kidole kiende, na macho yanabaki kwa kijana. Anasimama amejishika kiuno? Anakata kwenda golini bila kuitwa? Akiweka skrini, anageuka kuelekea golini au anasimama kuangalia matokeo kama sisi? Nimewapoteza wafungaji wengi wa pointi 20 kwa kidole hicho. Na takwimu ninayoianza siku hizi ni mitupo ya adhabu, si pointi tatu. Mechi za chuo ni chache, pointi tatu zinaweza kumdanganya mtu msimu mzima, lakini mkono unaotupa adhabu vizuri kwa kawaida unafundishika.

Kufundishika kwenyewe ni nusu ya habari ambayo daftari langu halikuwa na mahali pa kuiandika. Kawhi Leonard alitoka chuoni San Diego State mwaka 2011 akiwa mrushaji dhaifu wa mbali. Indiana walimchagua wa 15 wakampeleka San Antonio, wao wakapewa George Hill. San Antonio walikuwa na Chip Engelland, mwalimu ambaye kazi yake ilikuwa mitupo tu, akaurekebisha mkono ule kidogokidogo. Mtu yuleyule, kwenye timu isiyo na mwalimu wa hivyo, huenda tungemwita mkabaji mzuri asiyejua kufunga. Nikiulizwa sasa kama kijana anafaa timu fulani, nauliza kwanza nani atakaa naye gym asubuhi.

Kuna pia mambo ambayo hata mwenye timu hayajui mpaka ayajaribu. Denver mwaka 2014 walipata senta wawili usiku mmoja, Jusuf Nurkić wa 16 na Nikola Jokić wa 41, huyu wa pili akitajwa wakati televisheni iko kwenye tangazo la chakula. Mwanzoni mwa msimu wa 2016–17 waliwaanzisha wote wawili. Nilitazama mechi kadhaa za wakati ule: kila mtu akielekea golini anakutana na mwenzake, kama watu wawili mlangoni, "pita wewe", "hapana, pita wewe". Jokić akapelekwa benchi. Desemba 15, 2016 kocha akamrudisha akiwa senta pekee, na Februari Nurkić akaondoka kwenda Portland. Walioajiriwa kujua jambo hili walihitaji miaka miwili na nusu kuamua. Mimi nilikuwa nalitolea hukumu ndani ya dakika tano za kila chaguo.

Juni 2025 nililifungua tena daftari, la tatu sasa. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ametoka Duke, mrefu kupita kiasi, mkabaji wa ringi. Moyo ukafanya ule mchezo wa 2009, na safari hii nikakaa mbali na kitanda. Akatajwa wa 10, akaishia Phoenix kupitia ule mpango mkubwa uliompeleka nyota Kevin Durant Houston. Usiku uleule Phoenix wakamchukua Mark Williams kutoka Charlotte. Senta. Alikuwa na miaka 23.

Nikampigia Kocha asubuhi. Sauti yake imechoka siku hizi, lakini kikapu bado anakitazama.

"Shikamoo Kocha. Kabla hujauliza, dakika za Mark Williams. Huyo anaumia mara kwa mara. Februari Lakers walimchukua wakamrudisha baada ya kumpima afya."

"Marahaba. Sawa. Na bila mpira?"

Nikamwambia nilichoona kwa kidole gumba: anaweka skrini anageuka, anakimbia uwanja mzima, anaudaka mpira juu. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka anisifu kidogo.

"Vizuri," akasema. "Sasa huo mpira wa juu, hapo Phoenix, nani atamrushia?"

"Devin Booker."

"Booker ni mfungaji. Nakuuliza mchezesha timu."

Nikaivuta orodha ya Phoenix karibu, simu iko begani, nikaanza kuipitia upya kutoka jina la kwanza.